Moshi wa Mama katika Kitana cha Kinanda

Kinanda cha mdomo si chombo cha Garissa. Nalisema hili mapema asije mtu akanilaumu. Kilitengenezwa na watu wa baridi kwa ajili ya watu wa baridi, na katikati yake, chini ya vile vifuniko viwili vya bati vinavyong'aa, wakaweka kipande cha mbao kilichochongwa meno. Mimi nakiita kitana, kwa sababu ukikitoa na kukishika mkononi ndivyo kilivyo. Pumzi hupita kati ya meno hayo, hugonga ndimi ndogo za shaba, na sauti hutoka. Mbao ikilowa mate huvimba, meno yakachomoza nje na kukukwaruza midomo. Ikikauka sana hunywea na kuacha nyufa, na pumzi yako ikapotelea pembeni bila kugonga chochote. Kwa hiyo mahali pa jua kama hapa kwetu unakuwa na mgonjwa mwenye maradhi mawili, na dawa ya moja ndiyo inayoleta lingine.

Changu niliachiwa na mwalimu mwenzangu alipohamishwa kurudi Kenya, kama tunavyosema sisi wa huku tukimaanisha kila mahali palipo ng'ambo ya daraja la mto Tana. Alinifundisha kupuliza na kuvuta, akanifundisha na masharti yake. Sukutua kinywa kabla ya kupiga. Ukimaliza kikung'ute kiganjani. Kiache nje ya kikasha mpaka kikauke, tena kivulini, na usikiloweke majini hata akushauri nani. Nikayashika yote, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu na kinanda kile kilikuwa kikinisaidia. Nafundisha hesabu. Ukishinda kutwa unawaeleza vijana jambo lilelile, nao wanakutazama kama unayeuza kitu wasichokihitaji, unarudi nyumbani ukitafuta wa kumgombeza. Basi mimi huketi barazani, nikapuliza mpaka kichwa kipoe, ndipo nikaingia ndani. Mke wangu husema kinanda kile kimeokoa ndoa yetu mara nyingi kuliko wazee wa pande zote mbili. Anatia chumvi, lakini si nyingi.

Kisha mama yangu akaja kukaa nasi.

Alikuwa Tarbaj, huko Wajir, mahali alipozaliwa na kuolewa na kuzika mume. Ukame ulipokuja ulianza na ng'ombe, ukafuata kondoo, na mwisho hata mbuzi, ambao mama alikuwa akisema wanaweza kuishi kwa kula karatasi. Nilipokwenda kumchukua nilimkuta amekaa mbele ya zizi, na mlango wa zizi ameufunga kwa miiba vizuri kabisa, kama kila jioni. Ndani hamkuwa na kitu. Nilibeba furushi lake, na furushi lenyewe lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia. Baadaye niligundua kwamba nusu yake ilikuwa kuni.

Kuni! Nikamuuliza, "Hooyo, Garissa hakuna kuni?" Hooyo ni mama, na kwetu mama naye humwita mtoto wake kwa neno hilohilo. Akanijibu, "Kuni zipo, hooyo. Lakini najua zilikotoka?"

Nyumbani kwangu hakukuwa na kazi ya kumpa. Maji yanatoka bombani. Jiko ni la gesi, na mama alilitazama kwa mashaka, akisema moto usiotoa moshi ni moto unaokuficha kitu. Watoto wangu ni wakubwa, kila mmoja na simu yake. Mama alitandika mkeka karibu na mlango, akakaa akitazama barabara. Chakula alikigusa tu. Maziwa ya pakiti aliyanusa, akarudisha kikombe kwa adabu zote. Na kila mtu aliyemsalimu aliambiwa neno lilelile: mvua ikinyesha, narudi Tarbaj.

Arudi kwa nani? Presha yake ilikuwa juu, na kabla sijamleta alikuwa ameanguka akalala chini mpaka majirani walipopita. Niliogopa, na sioni haya kulisema, niliogopa kwamba mama yangu atakwenda kufia mbele ya lile zizi tupu, na mimi nitapigiwa simu nikiwa darasani. Nilimbembeleza. Mke wangu alimbembeleza vizuri kuliko mimi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akatushukuru, akasema, "Mvua ikinyesha."

Kitu cha kwanza katika nyumba yangu kilichomvutia kilikuwa kinanda. Siku moja nilipomaliza kupiga aliniita.

"Hiyo kelele yako unaipiga wakati wa adhana?"

"Hapana, hooyo."

"Na watu wa msikitini wanasemaje?"

"Wanasema nina mapafu mazuri."

Alicheka kidogo, na nilifurahi, maana ilikuwa mara ya kwanza tangu aje. Akanyoosha mkono, nikampa. Hakukitazama kama watu wanavyokitazama. Alikinusa. Alipitisha kidole kwenye meno ya mbao, akakigeuza, akakinusa tena, akakunja uso.

"Hiki kinatiwa mdomoni kila siku?"

"Kila siku."

"Na hakijawahi kuona moshi?"

Aliyezaliwa mbali na mifugo huenda asielewe swali hilo. Kwa wafugaji wetu, chombo cha maziwa hakioshwi kwa maji. Maji ni ya kunywa. Kinasafishwa kwa moto. Mwanamke huchukua kijinga, hupuliza majivu, hukitumbukiza ndani ya chombo, hufunga kifuniko na kukitikisa mpaka moshi uenee kila pembe. Kisha hukung'uta makaa na kufuta masizi, na nje hupaka samli ili mti usipasuke kwa jua. Maziwa yakikaa humo hayaharibiki upesi, na yana ladha ya moshi ambayo ukikulia nayo huwezi kuisahau. Mama alifanya kazi hiyo tangu alipokuwa na nguvu ya kubeba chombo. Kwake yeye, mti ulio karibu na mdomo wa mtu bila kupita motoni ni uchafu, hata kama umetoka Ulaya.

Nikamweleza kwamba hiki ni tofauti. Akasema, "Sawa, hooyo," kwa sauti ile ambayo mama huitumia akiwa amekwisha kuamua.

Kiangazi kilipokolea, kitana kikanywea. Nikipuliza upande wa kushoto hewa inatoka upande wa kulia, na sauti ikawa ya mtu anayeongea huku anatafuna. Jumamosi moja nikakifungua chote juu ya meza: vifuniko huku, bati za ndimi kule, kitana katikati. Nilikuwa nimejifunza nini cha kufanya. Unakisugua kitana juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, taratibu, mpaka kilale sawa pande zote mbili. Kisha unakipaka kitu cha kuziba vinyweleo vya mbao, mate yasiingie na unyevu wake usitoke. Wengine hutumia vanishi. Mimi niliona nta ya nyuki ni salama zaidi kwa mdomo. Nilimaliza kusugua, nikakiacha mezani, nikaenda sokoni kutafuta nta kwa wale wauza asali wanaotoka Mwingi.

Niliporudi, harufu ilinipokea getini. Nilisimama pale na nta mkononi, nikawa mtoto. Ilikuwa harufu ya alfajiri za Tarbaj, ya kibanda cha mama, ya maziwa ya ngamia yenye povu. Machozi yalinilengalenga, nasema kweli. Halafu nikakumbuka kitana changu kiko mezani, na damu ikanichemka.

Kilikuwa cheusi tii. Mama alikuwa amekiweka ndani ya kopo pamoja na kijinga cha kuni yake, akafunika, akatikisa. Kisha alikipaka samli, si kidogo, na kila jino la kile kitana lilikuwa likimeremeta. Alikuwa amekaa mkekani, mikono ina masizi hadi vifundoni, na usoni ametulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nimtoe kwao.

"Sasa ni safi," akasema.

Niligeuka nikaenda jikoni kwa mke wangu kumwonyesha msiba wangu. Alikitazama, akanitazama, akacheka mpaka akaketi sakafuni. Hapo hasira ikakosa pa kusimama. Nikarudi, nikamwambia mama asante, nikakaza skrubu zote, nikapuliza.

Na kikalia! Hakikuvuja hata chembe. Samli ilikuwa imeziba kila ufa, na sauti ikawa nene, tamu, yenye ladha ya moshi mdomoni. Nilipiga alasiri ile mpaka majirani wakaja kuuliza kama kuna harusi. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho. Jioni alikula wali sahani nzima, na mke wangu akanifinya chini ya meza nisije nikasema kitu na kuharibu.

Furaha hiyo haikukaa. Samli ni samli, na joto la Garissa ni joto la Garissa. Baada ya muda mfupi iliyeyuka ikateremkia kwenye ndimi za shaba, vumbi likaja likanasa, na sisimizi wakapanga mstari kutoka dirishani hadi kikashani. Samli ikachacha. Nilipopuliza, kilitoka kilio cha mbuzi mwenye mafua. Mtoto wangu wa mwisho alikimbilia dirishani kuangalia mbuzi.

Mama aliuliza, "Ni samli yangu?"

Ningeweza kumdanganya, lakini alikuwa amekwisha kukinusa. Alikirudisha mkononi mwangu, akafuta vidole kwa ncha ya shuka yake. "Nimekuharibia," akasema. "Hapa sijui kitu. Hata mti wa hapa siujui." Nikamwambia si neno, kinasafishika. Akaitikia kwa kichwa. Siku hiyo hakula.

Na kana kwamba mambo yalipangwa, wiki ileile simu zikaanza kutoka juu, kaskazini kwetu: mvua imenyesha Wajir, imenyesha Tarbaj, imevuka hadi Elwak. Mama akafungua furushi lake na kulifunga upya. Dereva mmoja wa ukoo wetu, anayepeleka bidhaa Mandera, alikuwa aondoke Alhamisi, na njia yake inapitia Tarbaj. Mama aliongea naye mwenyewe kwa simu ya mjukuu wake. Mimi niliambiwa baadaye, kama jirani.

Nilijikaza kisabuni. Nikasema nitashughulikia kinanda, angalau mikono iwe na kazi. Ndimi za shaba nilizisafisha kwa spiriti na kijiti cha pamba, moja baada ya nyingine. Lakini kitana kilikuwa kimekunywa samli hadi moyoni, na nta haishiki mbao yenye mafuta. Ilibidi kichongwe kingine. Nilikuwa navaa viatu kwenda kwa fundi seremala pale karibu na soko la mifugo, mama akasimama.

"Nakuja," akasema. "Kile kilikufa mikononi mwangu. Sitaondoka hujapata kingine."

Fundi ni mtu wa Mwingi, mpole, mwenye penseli sikioni. Alikitazama kitana cheusi, akasema anaweza kujaribu. Akatoa kipande cha mwarubaini, mti uliojaa mjini kwetu. Mama akakichukua kabla yangu, akakilamba. Fundi akabaki mdomo wazi.

"Hii chungu!" mama akamwambia kwa Kiswahili chake. "Yeye nataka biga muziki. Hapana ugua malaria."

"Mama, hii ni mbao tu," fundi akasema.

"Mbao tu, weka mdomo yako."

Fundi akailamba, akatema, akaitupa kando. Mama akaingia mwenyewe kwenye rundo la mabaki. Alichagua kwa kunusa na kugonga kwa ukucha, akapata kipande alichokipenda, akakikabidhi kama anayetoa zawadi. Kilipasuka chini ya msumeno hata kabla jino la kwanza halijatoka. Fundi akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na ubavu wa kitanda kikuukuu, mbao iliyokauka miaka mingi ndani ya nyumba ya mtu, akakata humo. Mama alikaa kwenye gogo akimwangalia.

"Weka chini ya kifuli, fundi. Jua nakula yeye, itabasuka."

"Nimeweka kivulini, mama."

"Fizuri. Wewe mutu mzuri. Lakini ile mti yako ya kwanza, Allah akusamehe."

Ilimchukua fundi mchana kutwa kwa msumeno mwembamba na tupa. Meno hayakulingana vizuri kama yale ya kiwandani. Moja lilikuwa limenenepa, lingine limeinama kidogo. Mama alikifunga kile kitana katika ncha ya shuka yake, akatembea nacho hadi nyumbani. Nilipotaka kumsaidia kubeba, hakunipa.

Tukakaa barazani tukifanya kazi. Nilikuwa na hoja yangu, naye alikuwa na yake, na tulibishana kama watu wawili wanaogawana kondoo. Yeye alitaka moshi. Mimi nilisema hakuna samli. Mwishowe tukakubaliana: moshi wake kwanza, nta yangu baadaye. Akawasha kuni yake, akafukiza, akafuta masizi kwa kitambaa hadi kitana kikawa rangi ya chai. Mimi nikayeyusha nta katika kopo ndani ya maji ya moto. Unapaka nyembamba, unaiacha iingie, unasugua kwa kitambaa kikavu mpaka mbao ikatae kupokea zaidi, halafu unarudia. Kati ya kila jino na jino mama alipitisha uzi uliochovywa nta, huku na huku, kwa vidole ambavyo havikuwahi kutetemeka kwa kazi. Hapo katikati alikuwa akinieleza habari za ngamia jike wa mama yake aliyekuwa akikataa kukamuliwa mpaka aimbiwe. Sikuwa nimewahi kuzisikia. Nilitamani Alhamisi isifike, na sikulisema, maana nilikuwa nimekwisha kumbembeleza hadi maneno yakaniishia.

Alhamisi ikafika. Asubuhi na mapema, kabla mama hajatoka kwenye swala, nilikigusa kitana kwa ulimi, nikakikandamiza kwa kidole gumba, nikakibandika shavuni. Kilikuwa kikavu. Nta ilikuwa imeshika kote, hainati, haitoi alama. Kilikuwa tayari kufungwa. Nikakirudisha kwenye sinia yake, nikaenda kukaa.

Lori likapiga honi getini. Furushi lilikuwa mlangoni. Mke wangu alitoka na chupa ya chai ya safari, macho mekundu. Dereva akaingia, akamsalimu mama kwa heshima, akaketi kwenye ukingo wa baraza.

"Twende, eddo," akasema, maana kwake mama ni shangazi. "Mvua imenyesha sana. Tarbaj nyasi imefika magotini."

Mama alikuwa amekaa mbele ya sinia. Hakuinua kichwa.

"Nitaila mimi?" akasema.

Dereva akatazama chini. Nilimwona mama akishusha pumzi, pumzi ndefu, kama mtu anayetua mzigo ambao ameubeba bila kukubali kwamba ni mzito. Kisha akakichukua kitana, akakigeuza kwenye mwanga, akakipitisha kidole jino kwa jino, hadi mwisho. Mama yangu anajua mti mkavu. Amejua tangu kabla sijazaliwa. Akanitazama usoni.

"Kimekauka, hooyo?"

"Bado," nikasema.

Akakikandamiza kwa kidole gumba, palepale nilipokikandamiza mimi.

"Kweli, bado," akasema, akamgeukia dereva. "Wewe nenda. Nina kazi hapa." Halafu akanisukumia lile kopo kwa mguu. "Na wewe usikae tu. Kaweke nta motoni."